Maswali na majibu: matangi ya katamarani ya kujijengea

Fundi, katamarani yangu (chombo chenye mitumbwi miwili) ya plaiwudi ina mita 9. Tangi la maji la lita 600 linatosha?

Linatosha watu wangapi, siku ngapi? Hamsemi, halafu mnataka jibu. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo lita 600 ni abiria wanane wasioshuka. Katamarani si jahazi. Mitumbwi yake ni myembamba, na ukiizidishia mzigo inadidimia mpaka mawimbi yanagonga sakafu ya katikati. Watu wanne, siku 10, lita 5 kila mmoja kwa siku za kunywa na kupika (vyombo vioshwe kwa maji ya chumvi) ni lita 200. Ongeza theluthi ya akiba, unapata kama 270. Gawa matangi mawili, moja kila mtumbwi, chini, karibu na katikati ya urefu. Si omoni (mbele) wala tezini (nyuma). Bomba la kuyaunganisha liwe na koki, nayo ikae imefungwa. Ikiachwa wazi, chombo kikilala maji yote yanahamia upande wa chini, na tangi moja likichafuka umepoteza yote mawili.

Mfuniko wa tangi uwe mkubwa kiasi gani?

Mkono uingie hadi kwapani na ufike kila kona. Tangi likiwa na viwambo (kuta za ndani), kila chumba kipate mfuniko wake. Amua kabla ya kubandika sitaha kwa gundi. Nusu ya barua ninazopata ni za watu wanaouliza wakate wapi.

Maji yananuka.

Mililita 200 za dawa ya klorini ya 5% kwa lita 200 za maji. Fungua kila bomba mpaka usikie harufu ya dawa, acha usiku kucha, mwaga, suuza. Kama tangi linapitisha mwanga, lipake rangi nje, la sivyo ukijani utarudi.

Tangi la choo nililaze ngamani (chini kabisa ndani ya chombo), uzito uwe chini?

Hapana. Liweke juu ya usawa wa maji ya nje, lijimwage lenyewe bila pampu. Mpira wa kutolea uwe wa milimita 38, na wa hewa uwe mnene vilevile, mfupi. Hewa isipoingia, ndipo inapozaliwa ile gesi ya mayai viza. Choo chenyewe kikiwa chini ya usawa wa maji, mipira yake ipande juu kwanza, na kileleni pawe na valvu ya hewa. Bila hiyo bahari inajivuta ndani, na chombo kinazama kikiwa nangani. Tena, msimwage upande wa ufukweni wa mwamba wa matumbawe, ambako watu wanachokoa pweza. MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, inazitaka meli kubwa zipeleke kinyesi kibichi zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu.

Koki za brasi za duka la mabomba?

Chini ya maji, kamwe. Chumvi inakula zinki iliyomo ndani ya brasi, koki inakatikia mkononi. Nunua bronzi.

Madumu ya petroli chini ya kitanda?

Unataka kulala juu ya bomu? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: unashuka ngamani na kungoja cheche ya swichi. Jenga sanduku sitahani, lizibwe kabisa upande wa ndani, na kitakoni liwe na tundu la kutolea nje. Mtungi wa gesi ya kupikia nao hivyo hivyo, kwenye sanduku lake. Dumu lijazwe likiwa limewekwa ardhini.

Tangi la dizeli la mabati?

Mabati yamepakwa zinki, na zinki na dizeli hazipatani. Uchafu wake unaziba filta na nozeli. Tumia alumini, kitako kiwe na kishimo chenye koki ya kutolea maji, na mrija wa kunyonya uishie sentimita 2 juu ya kitako.