Maswali ya Wasomaji: Tabakero ya Dhahabu na Nembo ya Duke

SWALI: Nimeoneshwa tabakero, yaani kikopo kidogo cha ugoro, ya dhahabu ya Paris. Muuzaji anasema ni ya mwaka 1761 na ilikuwa mali ya duke wa Ufaransa. Ushahidi wake ni nembo yenye taji iliyochongwa ndani ya kifuniko. Nimwamini?

JIBU: Nembo iache kwanza. Taji la duke lina majani manane, lakini katika karne ya 18 makabaila wengi wa Ufaransa waliweka kwenye nembo zao taji la cheo wasichokuwa nacho. Tena nembo huweza kuchongwa hata miaka 100 baadaye. Itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10: mistari yake ikikata mikwaruzo ya zamani, iliongezwa baadaye.

Anza na chapa, yaani alama ndogo zilizogongwa kwenye dhahabu. Tabakero ya Paris ya wakati huo hupigwa nne: ya sonara (ua la yungiyungi lenye taji, nukta mbili, herufi za jina lake na alama yake), ya wakala wa kodi, ambayo hupigwa kazi ikiwa haijakamilika, herufi ya chama cha masonara, na chapa ndogo mno ya kuonyesha kodi imelipwa. Herufi ya chama ilibadilishwa kila mwaka. X yenye taji ni ya 1761–62. Itafute ndani ya kifuniko, kwenye kitako na ubavuni. Ukiikuta X kifunikoni na herufi ya miaka mingi baadaye kwenye kitako, hizo ni sehemu za tabakero mbili. Pulizia pumzi ya joto juu ya chapa: kama kipande kimelehemiwa, mpaka wake huonekana kwenye ukungu. Jihadhari pia na kazi za Hanau, Ujerumani, ambako masonara walipiga chapa zinazofanana na za Paris.

Ukiona bundi mdogo, usishtuke. Chapa hiyo ya Ufaransa ilianza 1893 kwa vitu vilivyotoka nje au visivyojulikana asili, nayo ni sehemu ya historia ya safari zake.

Umiliki huthibitishwa na karatasi, hasa orodha ya mali ya marehemu iliyoandikwa na mthibitishaji wa hati za kisheria. Linganisha uzito wa tabakero na ule ulioandikwa humo: onsi moja ya Paris ni gramu 30.59, kwa hiyo onsi 5 ni gramu 153. Ukitumia onsi ya leo ya dhahabu, gramu 31.1, hesabu itakudanganya. Hata tabakero iliyotolewa zawadi na mfalme haimalizi shaka, kwa kuwa mabalozi wengi waliirudisha kwa sonara wakachukua fedha, ikatolewa tena kwa mwingine. Ile ya Choiseul, waziri wa mfalme Louis XV, ni adimu kwa sababu mchoraji Van Blarenberghe alichora juu yake vyumba vya nyumba ya Choiseul mwenyewe.

SWALI: Naweza kuiosha?

JIBU: Hapana. Maji hupenya chini ya enameli (rangi ya kioo iliyochomwa juu ya dhahabu) na picha ndogo. Usiing'arishe pia, utafuta mchongo na chapa. Ifute kwa kitambaa laini kikavu, na uifungue kwa kushika ukingo, kamwe usibonyeze picha.