Jibu: Kwa nini luteni huyo alipewa MC na si DSO?

Ndugu, umeuliza kwa nini luteni wa Uingereza aliyeongoza shambulio la usiku kwenye handaki la Wajerumani mwaka 1917 alipata nishani ya ushujaa ya Military Cross (MC) tu, na si Distinguished Service Order (DSO), iliyo ya juu zaidi. Sababu kubwa ni cheo. MC ilianzishwa Desemba 1914 kwa ajili ya makapteni, maluteni na maafisa wateule. DSO, ya tangu 1886, kwa kawaida ilikwenda kwa meja na kuendelea. Luteni akiipata, ujue huenda alikaribia kupewa Victoria Cross (VC), nishani ya ushujaa ya juu kuliko zote.

Kama alifia palepale, hesabu hubadilika kabisa: wakati ule marehemu aliweza kupewa VC au kutajwa kwenye ripoti ya kamanda, basi. MC ya marehemu haikuwepo hadi 1979.

Kutafuta rekodi ya nishani yake, anza na rejesta zenye namba WO 389 katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Zitakupa tarehe ambayo nishani ilitangazwa katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali. Wengi hukwama hapa: wanakuta jina tupu. Maelezo ya tendo huenda yalichapwa miezi kadhaa baadaye, kwa hiyo pekua matoleo yanayofuata. Ila kama ni orodha ya nishani za Mwaka Mpya au za siku ya kuzaliwa Mfalme, usijisumbue. Hizo hazikuwa na maelezo. Hapo fungua shajara ya vita ya batalioni yake, namba WO 95 hukohuko Kew.

Na ukiuziwa MC, kumbuka ilitolewa bila jina. Maandishi ya nyuma yalichongwa kwa gharama ya mwenyewe, hivyo hata tapeli anaweza kuyachonga leo.