Kwa nini Aspinall alibaki na mkanda, na kwa nini foleni ya ubingwa haina mwenyewe

Ndugu, umeuliza kwa nini Tom Aspinall alibaki bingwa wa uzito wa juu wa UFC, ile kampuni kubwa ya mapigano ya kizimbani ya ngumi, mateke na mieleka, baada ya pambano lake na Ciryl Gane kukatizwa, ilhali yeye ndiye aliyeshindwa kuendelea. Halafu jamaa mwingine akadakia kwamba UFC yote ni mambo ya kupangwa. Mimi nafundisha vijana huku Eastlands, na kwenye mashindano yetu ya ridhaa huwa naketi meza ya majaji, kwa hivyo najibu nikiwa upande huo.

Kuna mambo mawili hapa na watu wanayachanganya. Mkishaingia kizimbani, kila kitu kina sheria iliyoandikwa. Lakini nani aingie humo kugombea mkanda, hapo hakuna sheria. Ni hiari ya promota.

Tuanze na kizimba. Tarehe 25 Oktoba 2025 kule Abu Dhabi (kwa mara moja tuliangalia Jumamosi usiku kama watu, badala ya kukurupuka Jumapili alfajiri), vidole vya Gane vilimwingia Aspinall machoni raundi ya kwanza ikielekea ukingoni. Hakuona, hakuendelea. Refa akishaamua kosa ni la bahati mbaya, kinachobaki ni kuhesabu raundi. Pambano la ubingwa ni raundi 5 za dakika 5. Kama raundi 3 hazijakamilika, pambano linafutwa na hakuna mshindi. Zikiwa zimekamilika, zinasomwa kadi za majaji. Pambano likifutwa, mkanda unabaki kwa mwenyewe. Gane hakunyang'anywa kitu, na Aspinall hakupendelewa.

Sasa linganisha na Machi 2021, Las Vegas. Petr Yan, bingwa wakati huo, alimtandika Aljamain Sterling goti la kichwa raundi ya 4 huku Sterling akiwa amepiga goti sakafuni. Refa akasema ni makusudi. Yan akaondolewa mchezoni, na Sterling akawa mtu wa kwanza kutwaa mkanda wa UFC kwa njia hiyo. Kilichotofautisha usiku huo na ule wa Abu Dhabi ni namna refa alivyoisoma nia.

Na kwa wale wanaodai sheria imebadilika: ndiyo, tangu tarehe 1 Novemba 2024 kugusa sakafu kwa kiganja hakukulindi tena dhidi ya goti la kichwa. Goti lako likiwa chini bado unalindwa, kwa hivyo Yan angefukuzwa hata leo. Kilichohalalishwa ni kiwiko cha kushuka wima, kile kilichomfanya Jon Jones aondolewe mchezoni na kupata kipigo pekee kwenye rekodi yake, mbele ya Matt Hamill mwaka 2009.

Kuhusu majaji nitasema kidogo zaidi, maana hapa ndipo natukanwa. Kuna kijana mmoja wetu, mwanamieleka mzuri, alimbana mwenzake kwenye kona karibu raundi nzima. Kichwa chini ya kidevu, mikono imefungwa kiunoni, ukumbi mzima unamshangilia. Ukiwa umekaa karibu ulimwona yule aliyebanwa akimlipua ngumi fupi za mbavu, moja baada ya nyingine, hadi kijana wetu akaanza kupumua kwa mdomo wazi. Nilimpa aliyebanwa 10-9, yaani pointi 10 kwa mshindi wa raundi na 9 kwa mwenzake. Mama mmoja alinifuata hadi mlangoni: "Wewe mwalimu, macho yako yako wapi? Si mtoto ndiye alikuwa anasukuma?" Nilimwambia, mama, kusukuma kunahesabiwa mwisho. Kwanza unaangalia nani ameumiza kwa mapigo au kwa mieleka yenye madhara. Ukiona wamelingana kabisa ndipo unauliza nani alikuwa mkali zaidi, na wakilingana tena hapo ndipo unauliza nani alitawala uwanja. Hakukubali, na mwanawe hakunisalimia hadi wiki iliyofuata.

Haya, foleni. Orodha ya wapiganaji 15 bora wa UFC hupigiwa kura na waandishi wa habari tangu 2013, na haimfungi promota hata kidogo. Kwenye ndondi angalau vyama vya mikanda humtaja mpinzani wa lazima, na Marekani ina sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali inayowalinda mabondia. Sheria hiyo haiwagusi hawa wetu.

Ndiyo maana unaona vipimo viwili. Francis Ngannou wa Kameruni alitwaa mkanda Machi 2021, na kufikia Agosti mwaka huohuo mkanda wa muda, ule wa kushikilia nafasi wakati bingwa kamili hapigani, ulikuwa umeshatengenezwa na kukabidhiwa Gane. Aspinall naye alipata wa muda Novemba 2023, akautetea, kisha akamngoja Jones, aliyekuwa na mkanda kamili, hadi Jones akastaafu Juni 2025. Ukiuliza ni kifungu gani kilitumika, hakipo.

Kitu kimoja tu hakina huruma wala urafiki: mizani. Mwaka 2022, Charles Oliveira alizidi nusu ratili, uzito usiofika robo kilo ya sukari, akavuliwa mkanda kabla hata ya kupigana. Akamkaba Justin Gaethje raundi ya kwanza na bado akaondoka bila ubingwa.

Kwa hivyo Gane apewe marudiano? Kwa haki, naona apewe. Ila asiwepo wa kukudanganya kwamba kuna mahali imeandikwa.

Na hilo la vidole, dawa yake imo vitabuni. Kumwelekezea mpinzani vidole vilivyonyooka usoni ni kosa hata kama hujamgusa, lakini marefa wakubwa huonya, wakaonya tena, hadi jicho linaharibika. Mwaka 2024 walijaribu glovu mpya zilizopinda vidole, na kabla mwaka haujaisha wakarudia za zamani. Sisi huku onyo ni moja, la pili unakatwa pointi. Vijana walilalamika mwanzoni. Siku hizi wakinyoosha mkono kupima umbali, ngumi imefungwa.