Maswali ya Wasomaji: Kulala Chomboni Lamu

SWALI: Agosti hii sisi wawili na watoto wawili tunataka kulala siku tatu kwenye mashua yenye vyumba, Lamu. Tuulize nini kabla ya kulipa? (Msomaji, Thika)

JIBU: Dada, ulizeni kwanza chombo kitatia nanga wapi. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, na bahari ya nje huchafuka. Laleni kwenye maji ya ndani, upande wa kisiwa cha Manda uliokingwa dhidi ya upepo. Ulizeni pia urefu wa amari, yaani kamba au mnyororo wa nanga. Kina cha mita 3 maji yakipwa huweza kufika 6 yakijaa, na amari hupimwa kwa maji yaliyojaa, mara tano ya kina: mita 30. Ikiwa fupi, nanga hung'oka usiku. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana. Chombo kilichosogea mno mikokoni hupwelewa, kikalala ubavu nanyi ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, Takwa, magofu yaliyo kisiwani Manda, nendeni maji yakijaa tu.

Maji ya kunywa: lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani 48. Bebeni madumu matano ya lita 20, mpate na ya kupikia.

Mtungi wa gesi usikae chini. Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, na cheche moja inatosha. Ukae juu, ufungwe kila mkimaliza kupika.

Majaketi ya kujiokolea wavisheni watoto bandarini, kabla ya kulipa. La mtu mzima humchomoka mtoto akitumbukia.