"Uko vizuri," anasema, lakini hajawahi kuniona na mgonjwa

SWALI: Shikamoo Dokta. Niko mwaka wa pili wa ubingwa wa tiba ya familia. Msimamizi wangu hana shida, ila kila nikimuuliza naendeleaje ananijibu "uko vizuri", basi. Hajawahi kukaa akaniangalia nikiongea na mgonjwa hata siku moja. Mwaka wa kwanza nilizungushwa wodi zote, sasa niko kliniki peke yangu, watu wanakuja na uchovu, kizunguzungu, tumbo lisiloeleweka. Wenzangu walioenda upasuaji wanahesabu operesheni, mimi nihesabu nini? Au nasaidia tu kupunguza foleni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimekaa viti vyote viwili, cha kusomea na sasa cha kusimamia, na nakwambia ukweli, wengi wetu tukikuacha peke yako tunadhani tunakuheshimu, maana na sisi tulilelewa hivyohivyo, unakabidhiwa chumba na foleni unajijua mwenyewe. Lakini hapa niko upande wako kabisa. Huwezi kusema mtu yuko vizuri wakati hujamwona akifanya kazi.

Usimwombe "maoni" tu, atakujibu vilevile. Mwambie kesho asubuhi nina wagonjwa, naomba ukae kwa wawili, usiseme kitu, angalia tu nilimkatiza mgonjwa wapi na nilimwelezaje mpango wa matibabu. Mgonjwa aombwe ruhusa kwanza jamani, hilo wengi wanasahau. Halafu mpate dakika kumi za kuongea siku hiyohiyo, ikipita wiki hakuna anayekumbuka.

Sasa la kuhesabu. Wodini mgonjwa anafika akiwa ameshachujwa na watu wengine, kwako anakuja na tatizo ambalo bado halina jina, mengi yatapoa yenyewe, machache ni hatari, na yote siku ya kwanza yanafanana. Kuyatofautisha bila kumpima mtu kila kipimo kilichopo, ubingwa wako ndio huo, na unafundishika. Hata Marekani fani hii ilitambuliwa kuwa ya ubingwa mwaka 1969 tu, mafunzo yake miaka 3, kabla ya hapo wengi waliona ukimaliza intanship inatosha. Kwa hiyo kwenye logibuku yako, lile daftari la kumbukumbu za mafunzo, andika wale uliowaruhusu bila kujua wana nini, ulihofia nini, uliwaambia warudi wakiona dalili gani, kisha fuatilia baada ya wiki mbili. Wahesabu hao.

Na yule mgonjwa anayekuchosha hadi ukiona faili lake unaishiwa nguvu, mpeleke kwa wenzako. London miaka ya 1950 Michael Balint, daktari na mchambuzi wa nafsi, alikuwa anakaa na madaktari wa kawaida wanajadili mgonjwa mmoja mmoja wa namna hiyo, pamoja na anavyogusa hisia za daktari mwenyewe, na vikundi hivyo vipo mpaka leo nchi nyingi. Watu wanne na saa moja vinatosha kuanza.

Msimamizi akikataa kukaa nawe, nenda kwa mratibu wa programu bila woga, kuangaliwa ukiwa kazini ni haki yako kama mwanafunzi, siyo fadhila. Ukishakaa naye niandikie ilikwendaje.