Kidole gumba cha mbega, na maswali mengine

Wiki hizi mbili simu yangu haijapoa. Kitabu changu cha watoto kuhusu mfongo, ule mfereji wa Wachagga wa kuleta maji kutoka mlimani, kimeingia Moshi, kile cha mbega kinarudi mtamboni, na kila mtu ana lake. Nimechagua maswali matano.

Shikamoo mwalimu. Kitabu cha mfongo ulituahidi kabla shule hazijafunguliwa. Kimefika? (Mama wa wawili, Pasua)

Marahaba, mama. Kimefika Alhamisi, maboksi manne kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam. Kilichochelewesha ni hesabu. Mswada wangu ulikuwa wa kurasa 35, na karatasi moja kubwa ya mtambo ikikunjwa hutoa kurasa 16. Ukitaka usitupe karatasi, unachagua 32 au 48. Nikakata tatu, na wimbo wa bibi ukaondoka nazo. Bado unaniuma. Bei ni shilingi 6,000, nami nitakuwa Soko la Mbuyuni Jumamosi asubuhi, upande wa wauza daftari.

Mjukuu wangu anasema kile cha mbega kiliishiwa wino ukurasa wa 9. Mama ana weusi na weupe, mtoto mweupe pee. (Babu, Rau)

Shikamoo mzee. Wino ulikuwepo. Mbega huzaliwa mweupe mwili mzima, na ule weusi humjia taratibu kadiri miezi inavyokwenda. Nyinyi wa Rau mna bahati, msitu uko mlangoni. Mpeleke mjukuu asubuhi na mapema, mtazame juu kwenye miti mikubwa. Mkimwona mama aliyekumbatia kitu kama pamba, ndiye huyo.

Ila kwa kuwa umegusa picha za kitabu hicho, acha nikiri kosa lenyewe, ambalo mjukuu wako hakuliona. Mwaka jana nilikisoma mbele ya darasa la tatu. Nilipofika pale mbega anapochuma jani, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona ana kidole gumba?" Nikacheka, nikamwambia kila mkono una gumba. Akanijibu kwao mbega hupita nyuma ya nyumba, na hajaliona. Nilirudi nyumbani nikampigia mchoraji, tukaenda msituni na darubini ya kuazima. Binti alikuwa sahihi. Mbega ana vidole vinne virefu anavyovitumia kama ndoano, na pa gumba pana kibonge tu, kama kimekatwa. Mchoraji alikuwa amechora mkono wa nyani, nami nikaupitisha mara tatu bila kushtuka. Katika chapa ya pili mikono yote kumi na moja imechorwa upya. Mwenye chapa ya kwanza asiitupe, ampe mtoto atafute magumba.

Je, kitabu cha mfongo kina ithibati? Mkuu wa shule hawezi kununua bila hiyo. (Mwalimu wa darasa la pili, Ngaramtoni)

Bado. Nakala ziko Taasisi ya Elimu Tanzania, zinasubiri. Kwa sasa wanunuzi wangu ni wazazi. Ikitoka nitasema hapahapa.

Dada, nina hadithi kumi na mbili za sungura. Nani atanichapia? (Kijana, Mwika)

Mdogo wangu, kumi na mbili ni nyingi kwa kuanza. Chukua moja, nenda kaisome kwa sauti mbele ya watoto, na uweke alama pale wanapoanza kuchezea penseli. Hapo ndipo pa kukata. Ukipata mchapishaji, mengine atayashughulikia yeye. Ukichapa kwa pesa yako, namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Na mchoraji muandikiane mapema: analipwa kiasi gani, na picha ni za nani kitabu kikichapwa tena. Jina lake liwe jaladani, sawa na lako. Wanaolificha ukurasa wa ndani kwa herufi za sisimizi siwaelewi kabisa.

Kwenye picha maji ya mfongo yanapanda mlima. Inawezekana? (Msomaji wa miaka 8, Marangu)

Nilikuwa nakusubiri wewe. Hayapandi. Wazee waliochimba mfongo waliutoa mtoni kule juu, wakaupitisha ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, mdogo kuliko wa barabara iliyo kando yake. Wewe unashuka haraka, maji yanashuka polepole, kwa hiyo ukigeuka unayaona yamebaki juu yako, na macho yanakuambia yamepanda. Jaribu: tupa jani la mgomba kwenye mfongo wa kwenu, ulifuate uone linaelekea wapi. Muulize babu kwanza leo ni zamu ya nani kupata maji, usije ukaziba maji ya jirani ukanisingizia mimi.