Simu ikae mahali pa kompyuta?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Kadutu, Bukavu. Kompyuta yangu ya RAM GB 4 inachukua dakika kumi kuwaka, na Word ikifunguka feni inalia tu. Nina simu ya Android ya RAM GB 6. Naandika barua na mitihani, naweka pointi za wanafunzi kwenye Excel. Niiuze kompyuta nibaki na simu?

JIBU: Barua na mitihani, simu inatosha, Mwalimu. Kwa pointi, fungua kwanza faili lako kwenye simu, ujaribu. Jumla na wastani vitakwenda vizuri, lakini kama kuna vitufe vya makro, yaani amri zilizopangwa zijiendeshe zenyewe, havitafanya kazi: Excel ya simu haiendeshi makro.

Kitakachokuchosha ni kuandika kwa vidole kwenye kioo, basi tafuta kibodi. Ya waya inahitaji adapta ya OTG, yaani ya kuunganisha vifaa vya USB kwenye simu, inayolingana na tundu la simu, USB-C au Micro-USB. Kwenye Oppo, Vivo na Realme, OTG huwashwa kwanza kwenye mipangilio, na mara nyingi hujizima kibodi ikikaa dakika kumi bila kuguswa. Wengi hudhani adapta imekufa. Kibodi za kwetu nyingi ni AZERTY, yaani za mpangilio wa Kifaransa. Ukibonyeza A ikatoka Q, na M ikatoa nukta-mkato, ingia kwenye mipangilio ya kibodi ya nje uchague Kifaransa. Jua pia kwamba kibodi ya waya inakula betri ya simu na kuziba tundu la chaja. Siku umeme unarudi saa moja tu, hilo ni tatizo. Ya Bluetooth inaliacha tundu wazi.

Waya wa HDMI, wa kuonyesha picha ya simu kwenye televisheni, usinunue kabla ya kuuliza: tundu la simu nyingi za bei nafuu ni USB 2.0, halipitishi picha.

Mtihani usiupeleke kwenye fotokopi ukiwa faili la Word. Mashine yao ikikosa aina ya herufi uliyotumia, itaweka nyingine, mistari itasogea, na kurasa mbili zitakuwa tatu. Gusa Chapisha, kisha Hifadhi kama PDF, upeleke hiyo.

Kuhusu kuuza, ngoja kidogo. Kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, Task Manager ifunguke, utazame safu ya diski. Ikiganda kwenye 100% huku prosesa (CPU) imetulia, kinachokuchelewesha ni diski ya kuzunguka. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, GB 240, hubadilisha mashine ya namna hiyo kabisa, na kwa kazi ya pointi bado kompyuta ni bora. Fundi anayekwambia ununue mpya bila hata kuifungua, mwache.

SWALI: Fulashi yangu inasoma kwenye kompyuta, lakini simu inataka niiformati. Nifanyeje? Msomaji, Himbi, Goma.

JIBU: Usikubali, utafuta kila kitu. Huenda iko kwenye mfumo wa kupanga mafaili uitwao NTFS, ambao simu nyingi hazisomi. Nakili mafaili kwenye kompyuta, uiformati huko kwa mfumo wa exFAT, kisha uyarudishe. Simu ya zamani ikiikataa exFAT, tumia FAT32, ila hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4. Kabla ya kuichomoa kwenye simu, gusa Ondoa kwenye taarifa zilizo juu ya kioo.